Chupa sita za tope: la Dunga linatoa viputo, la Gazi linanuka yai bovu

Mwl_Tope (mwanzilishi wa uzi), Jumamosi saa 3 usiku

Habari za jioni wadau. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka arudi kesho.

Nafundisha biolojia shule moja hapa Kisumu. Muhula uliopita mpwa wangu anayefanya kazi Kwale alikuja likizo na kopo la aiskrimu lililojaa tope la mikoko ya Gazi, pamoja na mtungi wa lita tano wa maji ya bahari. Nilimwagiza mwenyewe. Kondakta alimuuliza mara mbili kama amebeba paka aliyekufa. Siku iliyofuata mimi na wanafunzi wanne tulishuka Dunga, kwenye kinamasi cha kando ya Ziwa Victoria, tukachota tope la kwetu, kwenye mafunjo, karibu na njia ya mitumbwi.

Tulitumia chupa sita za soda za lita mbili. Tatu tope la Dunga na maji ya ziwa, tatu tope la Gazi na maji ya bahari. Ndani ya kila moja tuliweka gazeti lililochanwa vipande, liwe chakula. Ujanja huu ni wa Sergei Winogradsky, aliyezaliwa Kyiv mwaka 1856, mtu aliyetuonyesha kwamba kuna bakteria wanaoishi kwa salfa. Wengi huongeza kiini cha yai ili kuwapa hiyo salfa. Sisi hatukuongeza, nilitaka kila tope lije na salfa yake.

Chupa ya kwanza ya kila tope tuliiacha hivyo hivyo dirishani. Ya pili tukaitia nusu kijiko cha mbolea ya CAN, dirishani pia. Ya tatu ikapata CAN kiasi kile kile, tukaiweka kwenye stoo ya vifaa vya michezo, yenye paa la bati, ambako saa saba mchana huwezi kukaa bila kutafuta kitambaa.

Dunga 1: wiki ya pili viputo vimejaa kwenye tope hadi linainuka kama mandazi. Harufu ni ya kawaida, ya kinamasi.
Gazi 1: viputo vichache mno, lakini tope likawa jeusi tititi na ukifungua kifuniko darasa linahama. Yai bovu. Baadaye upande wa jua ukapata baka la zambarau.
Dunga 2 na Gazi 2, zenye mbolea: hapa ndipo nilipokuna kichwa. Mwanzoni zilikuwa tulivu kuliko zile zisizo na mbolea! Dunga 2 viputo vichache, Gazi 2 ikachelewa kuwa nyeusi. Juu maji yakawa kijani kama mrenda. Wiki ya tano ule ukijani ukafa ukazama, na hapo mambo yakageuka: viputo na weusi vikazidi vya chupa za kwanza.
Dunga 3 na Gazi 3, za stoo: kila kitu mbio. Gazi 3 ilinuka siku ya nne. Dunga 3 ilirusha kifuniko usiku, mlinzi akadhani ni mwizi.

Ninachosema ni hiki: mbolea ni shida, joto ni shida, lakini vikikutana ndani ya tope ni balaa jingine kabisa. Na hilo ndilo linalotokea kwenye ghuba yetu ya Winam.

---

Kijana_wa_Manyatta, saa 3:20 usiku

Mwalimu, mikoko Kisumu umeiona wapi? Hebu tuongee ya nyumbani.

---

MchuNaMkandaa, saa 3:41 usiku

Nawasalimu kutoka Msambweni. Kaka wa Manyatta, soma tena, tope lilipanda basi.

Mwalimu, ile harufu sisi tumelala nayo tangu utoto. Ukiingia kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa, ukikanyaga unatoboa kitu cheusi na harufu inapanda hadi puani. Lakini chimba karibu na mzizi wa mchu, ile mizizi ya kupumulia inayochomoza kama penseli, utaona tope pale si jeusi, lina wekundu wa kutu. Na kwenye mashimo ya kaa vilevile. Sababu ni nini?

---

Mwl_Tope, saa 4:05 usiku

@MchuNaMkandaa ahsante, umenirahisishia.

Oksijeni haipenyi mbali ndani ya tope. Milimita chache tu kutoka juu, imekwisha. Mzizi wa mchu na shimo la kaa ni kama mabomba yanayoiteremsha chini, ndiyo maana pale chuma kinashika kutu. Kwingine kote vijidudu vinatafuta mbadala, na vina zamu. Chukulieni karamu. Wa kwanza kuisha ni ngege wa kukaanga, ndiye oksijeni. Kisha omena: naitreti. Kisha sukuma: madini ya manganisi na chuma. Kisha salfeti, tuseme ugali mkavu. Hakuna tena? Wanakuja wale wa kukwangua sufuria, wanaotengeneza methani, gesi inayowaka. Hao hata si bakteria, ni ukoo mwingine wa viumbe vya seli moja unaoitwa akea.

Sasa lita moja ya maji ya bahari ina gramu 2.7 hivi za salfeti. Ziwa letu lina kidogo mno. Kwa hiyo Gazi wala-salfeti wana shehena isiyoisha, nao wakiipumua wanatoa salfaidi ya haidrojeni, hilo yai bovu. Ikikutana na chuma, tope linakuwa jeusi. Akea wa methani wananyimwa nafasi. Dunga salfeti inaisha upesi, akea wanabaki wenye nyumba, na kazi yao ni viputo.

---

Fomula, saa 4:30 usiku

Mwalimu, mfano wako ni mtamu lakini umepinda. Naitreti na salfeti si chakula cha vijidudu hivyo, ni pumzi. Chakula ni gazeti, majani, kinyesi, mwani uliokufa. Ukiwaambia watoto ni chakula, mtihani utawanyoa.

---

Mwl_Tope, saa 4:38 usiku

@Fomula nimekubali, njaa ya usiku ndiyo imeandika. Wadau, futeni ngege na omena. Gazeti ndilo ugali wa wote. Wanachogombania ni cha kupumulia. Na hapo ndipo CAN inaelezeka: nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, ambayo ni pumzi bora kuliko salfeti. Kwa hiyo wale wa yai bovu na wale wa viputo walisukumwa pembeni hadi naitreti ikaisha. Kisha mwani ulionenepa kwa mbolea hiyo hiyo ukafa, ukashuka, ukawa mlima wa chakula bila pumzi.

---

Shamba_Ahero, Jumapili saa 1 asubuhi

Mimi ni mkulima wa mpunga. Nimesoma nikacheka, maana hii ndiyo hasara yangu ya kila msimu. Unanunua urea kwa bei ya machozi, unaimwaga juu ya maji, wiki mbili mpunga umerudi manjano. Afisa wa kilimo alituambia tuisukume ndani ya tope au tupunguze maji kwanza. Nilidhani ni porojo. Kumbe kuna watu wasioonekana wanaoila.

---

Mwl_Tope, Jumapili saa 2 asubuhi

@Shamba_Ahero, afisa alisema kweli, mzee. Urea ikikaa juu ya maji inageuka amonia na nyingine inapeperuka. Inayobaki pale juu penye oksijeni inageuzwa naitreti, naitreti inateremka kwenye tope lisilo na oksijeni, bakteria wanaipumua na kuirudisha hewani kama naitrojeni ya kawaida, hii inayojaza asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Ukiizika kwenye tope inabaki amonia, mzizi unaikuta.

Ziwani tungependa hasara hiyo iwe kubwa kabisa! Kila naitreti inayorudi hewani ni chakula kilichopokonywa kutoka kwa mwani. Hiyo ndiyo huduma ya mafunjo na ya mikoko. Ila safari ya kutoka naitreti hadi naitrojeni ina vituo, na kituo kimoja kabla ya mwisho gesi inaitwa naitrasi oksaidi. Tope likiwa na naitreti kidogo, bakteria wanasaka hadi hicho kituo na kukimaliza. Kuna mikoko safi ya Australia iliyopimwa ikaonekana inanyonya gesi hiyo kutoka hewani. Likifurika naitreti, wanaacha kazi nusu. Salfaidi nayo inaziba kimeng'enya cha hatua ya mwisho. Naitrasi oksaidi kilo moja inapasha dunia joto kama kilo 273 za kaboni dayoksaidi kwa miaka 100. Methani ni kama mara 28.

---

Bomba_na_Koki, Jumapili saa 5 asubuhi

Nimefanya kazi ya maji taka miaka mingi, si Kisumu peke yake. Mwalimu, usiwatishe watu. Kinamasi kinasafisha maji, hilo limepimwa dunia nzima, na vinamasi vya kutengenezwa vinajengwa kwa kazi hiyo. Mtambo ni ghali, umeme ni ghali, pampu ikiungua vipuri vinangoja zabuni. Kwa mji wenye mfuko kama wetu, kupitisha maji kwenye mafunjo kabla hayajafika ziwani ni busara. Wewe unapendekeza nini, tuyanywe?

---

Mwl_Tope, Jumapili saa 8 mchana

@Bomba_na_Koki kaka, nimesubiri nitoke kanisani ndipo nijibu kwa upole.

Sipingi kinamasi cha kutengenezwa. Kile kina kipimo: maji mangapi yanaingia, yanakaa siku ngapi, sehemu gani inapumzishwa, mafunjo yanavunwa lini. Ninachopinga ni kuiona Dunga au kingo za mto Nyando kama chujio la bure lisilojaa, huku kila mwaka tunakata mafunjo kulima mboga na kuchoma yaliyobaki.

Tofautisha mambo mawili. Naitrojeni ina mlango wa kutokea, hewani. Fosforasi haina. Inakaa kwenye tope, imeshikwa na kutu ya chuma. Maadamu kuna oksijeni kidogo juu ya tope, imefungwa. Oksijeni ikiisha, bakteria wanaipumua ile kutu, chuma kinayeyuka, na fosforasi ya miaka yote inarudi majini kwa mkupuo. Yaani hata ukifunga bomba leo, tope lenyewe linaendelea kurutubisha ghuba. Na mwani wa ghuba ukipata fosforasi wakati naitrojeni haitoshi, wanaoshinda ni sainobakteria, maana baadhi yao wanajichotea naitrojeni hewani. Hao ndio rangi ya kijani inayogandia mitumbwi, na aina kama Mikrosistisi ina sumu ya ini ambayo kuchemsha maji hakuiondoi.

Sasa joto. Maji ya nyuzi 20 usawa wa bahari yanabeba miligramu 9.1 hivi za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 yanabeba 7.5. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu, kwa hiyo tunaanza na pungufu. Wakati huo huo vijidudu vikipashwa vinapumua zaidi. Pochi inapungua, matumizi yanaongezeka. Na hawaongezi kasi sawasawa: methani hupanda upesi kuliko upumuaji wa kawaida. Kwenye tope la bahari lenye joto na salfaidi, kundi lingine huweza kushika naitreti na kuirudisha kuwa amonia badala ya kuiachia hewani. Mlango niliousifu asubuhi unafungwa kwa ndani.

Mafunjo yanayoondoa fosforasi kweli ni yale yanayoondoka kinamasini. Akina mama wa Dunga wanaosuka mikeka na vikapu, kila shina wanalobeba limetoka na naitrojeni na fosforasi yake. Likioza pale pale, au likichomwa pale pale, fosforasi imerudi nyumbani.

---

Bomba_na_Koki, Jumapili saa 9 alasiri

Hapo kwenye kuvuna tumekubaliana. Kwingine hapana. Njoo uone bili ya umeme ya mtambo mmoja ndipo uniambie habari ya kutotegemea kinamasi.

---

Ja_Nam, Jumapili saa 1 usiku

Mimi ni mvuvi, sasa nina vizimba vya ngege na ndugu zangu. Sijui hayo ya naitreti. Ninachojua:

Viputo unavyosema huwa vingi Januari hadi Machi, jua likiwa kali na maji yamekaa. Na si kila mahali. Ni pale gugumaji lilipotua, likafa, likazama. Ukichomeka mti mrefu pale chini, maji yanachemka kwa viputo. Tulipokuwa vijana tulikuwa tunayawashia kiberiti, mwalimu usiwafundishe wanafunzi.

Pili, kabla samaki hawajafa kuna dalili. Siku kadhaa upepo umelala, kisha unakuja usiku mmoja wa ghafla. Asubuhi maji yamebadilika rangi, yana harufu, ngege wako juu wanafungua midomo. Ukichelewa saa mbili umepoteza msimu. Mwaka mmoja tulipoteza kizimba kizima, watu wakasema tumewekewa sumu, nusura tupigane na jirani. Sasa nikikusoma najiuliza kama sumu ilikuwa chini yetu.

---

Mwl_Tope, Jumapili saa 2 usiku

Jaduong', pole sana kwa hasara. Siwezi kusema kilichoua samaki wako bila kupima, lakini ulivyoeleza ndivyo inavyotokea: maji yakitulia na jua kuyapasha, ya juu yanaelea yakiwa moto, ya chini yanakaa bila oksijeni yakikusanya amonia na kila kinachotoka kwenye tope. Upepo ukiyachanganya, samaki wa juu anapewa maji ya chini, na wa kizimbani hana pa kukimbilia. Chakula kinachopita kwenye wavu na kinyesi chao navyo vinashuka hapo hapo. Ukiweza kuvisogeza vizimba mahali penye kina na mkondo, fanya hivyo.

Ghuba yetu haina bahati, haina kina kirefu na maji yake yanabadilishana na ziwa kubwa kwa shida. Tulikaa miaka na tuta la Mbita, lile la kwenda kisiwa cha Rusinga, limeziba njia moja kabla daraja halijajengwa.

---

Sodoma_ya_Nakuru, Jumapili saa 2:30 usiku

Wa ziwani mna raha, nyinyi mnalia na mbolea tu. Huku Nakuru ziwa la magadi limepanda likameza msitu na mageti, maji ya mji yanaingia, heroe wanahamahama. Tope letu nani analichunguza?

---

MchuNaMkandaa, Jumapili saa 3 usiku

Fungua uzi wako kaka, usitufuje.

Mwalimu, turudi kwetu kidogo. Kenya ina hekta zipatazo 61,000 za mikoko, na Gazi tangu 2013 watu wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ya kaboni, pesa zinaenda kwenye maji na shule. Kaboni yenyewe nyingi iko kwenye tope, si kwenye miti. Maji taka na joto yakiwaamsha hao vijidudu wako, hiyo benki si itaanza kuvuja?

---

Mwl_Tope, Jumapili saa 3:25 usiku

Ndiyo hofu. Kaboni ile imedumu mamia ya miaka kwa sababu hakuna pumzi bora ya kuilia. Ukileta naitreti, umeleta pumzi. Ukileta mwani laini unaooza haraka, vijidudu vinaongezeka na kuanza kugusa hata majani ya zamani. Mti wenyewe unadanganyika: ukipata mbolea nyingi unaongeza majani kuliko mizizi, na mwaka wa ukame na chumvi kali unakufa mapema. Mti ukifa, bomba la oksijeni nalo limekwisha. Lakini Gazi si Mombasa, mji si mkubwa. Ningeanza kuuliza kuhusu mikoko iliyo kando ya mifereji ya jiji.

---

Fomula, Jumapili saa 4 usiku

Nimekaa kimya siku nzima nikitumaini mtu ataliona. Mwalimu, rudi kwenye chupa zako. Ya kwanza: dirishani, bila mbolea. Ya pili: dirishani, mbolea. Ya tatu: stoo, mbolea.

Iko wapi yenye joto bila mbolea? Haipo. Kwa hiyo huwezi kusema joto na mbolea "vikikutana". Huenda joto peke yake lingerusha kile kifuniko. Tena stoo ina giza! Mwani haukuota, bakteria wa zambarau hawakuota, hakuna aliyetengeneza oksijeni mchana. Umebadilisha mambo mawili ukayaita moja. Mengine uliyoeleza ni sawa na yanajulikana, lakini chupa zako hazijayaonyesha.

---

Mwl_Tope, Jumapili saa 4:20 usiku

Nimesoma mara tatu nikitafuta pa kutorokea. Sipaoni.

---

Kijana_wa_Manyatta, Jumapili saa 4:22 usiku

😂😂 Mwalimu kashikwa. Weka kila chupa mbili mbili basi, na hizo za dirishani uzifunike na karatasi nyeusi.

---

Mwl_Tope, Jumatano saa 1 usiku

Nimewaambia wanafunzi ukweli leo. Yule msichana aliyechora jedwali alisema alikuwa ameliona pengo tangu siku ya kwanza, akadhani ninajua ninachofanya.

Tunaanza upya. Chupa nane kwa kila tope: bila kitu, mbolea, joto, joto na mbolea, kila moja pacha wake, zote zimefunikwa zisione jua, vifuniko vimelegezwa. Za joto zitakaa stoo, nyingine kabatini, na kila upande utakuwa na kipimajoto. Dunga tutachota Jumamosi, na @Ja_Nam amesema atatupeleka kwa mtumbwi hadi pale gugumaji lilipozama.

Tope la Gazi limeisha. Kuna anayepanda basi kutoka Kwale au Mombasa kabla ya mwisho wa mwezi? Ndoo moja yenye mfuniko unaokaza na mitungi miwili ya maji ya bahari. Nauli ya mzigo nalipa mimi. Kondakta mwambieni ni dagaa.